Shule zinafunguliwa: namna ya kupangilia muda usichanganyikiwe

Mwaka juzi, siku shule zinafunguliwa, luku iliniishia saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri nikiwa nimenyoosha shati la mtoto mkono mmoja tu. Kwenye simu hamna hata senti ya kununua umeme maana jana yake hela yote ilienda kumalizia viatu, baba yao yuko safari, kitinda mimba analia hataki uji, wa kati anauliza soksi yake ingine iko wapi. Gari ya shule ikaja ikapiga honi mara tatu ikaondoka zake. Nikawapakia kwenye bajaji, elfu saba ikaenda hivi hivi, kazini nikaingia saa nne kasoro, na mtoto kashinda shuleni na shati ambalo mkono mmoja umenyooka mwingine kama limetafunwa na mbuzi.

Jioni nikageuza ile risiti ya viatu nikaanza kuandika nyuma yake, muda wangu wa wiki ile ulienda wapi. Sikuandika kisomi, niliandika kama mtu anahesabu chenji. Fundi nguo, nimeenda mara nne. Kariakoo saa nne, na kati ya hizo tatu nilikua nimesimama tu. Benki foleni. Soksi, penseli, kitambulisho cha gari ya shule, hivyo natafuta kila asubuhi kama mtu mgeni kwenye nyumba yangu mwenyewe. Hapo ndo nikaona kitu ambacho miaka yote sikua nakiona, kwamba kazi zenyewe wala sio nyingi, kunyoosha shati ni dakika tano, kulipa ada kwa simu ni dakika tatu, kinachomaliza siku ni KUSUBIRI na KUTAFUTA. Kwahiyo yote ntakayosema hapa chini yanazunguka hapo hapo, unapunguzaje kusubiri na unapunguzaje kutafuta, mengine yatajipa.

Mi niko Dar upande wa Kimara, mifano yangu itanukia Kariakoo na mwendokasi, wa Mwanza na Mbeya badilisheni majina ya masoko tu.

Anza siku wanafunga, sio siku wanafungua

Desemba mtoto akiingia na begi usimwache alitupe juu ya kabati likakae huko mpaka Januari na ganda la chungwa ndani. Limwage lote sakafuni siku hiyo hiyo. Daftari zilizobaki nusu chana kurasa safi, zishone kwa uzi ziwe daftari la rafu (mama yangu alikua anafanya hivi nikiwa mdogo nikawa naona aibu kweli, leo nafanya mwenyewe tena kwa raha zangu). Penseli, rula, mkebe, vichongeo, vyote kwenye ndoo moja ya rangi yenye mfuniko, na ndoo hiyo haiguswi likizo nzima hata mtoto akisema anataka kuchora, akachore na mkaa.

Afu mvalishe. Usimuulize inakutosha, mtoto ukimuuliza atasema inatosha ili arudi kucheza. Mvalishe sare yote mwambie achuchumae, ainue mikono juu, kama shati linachomoka lote na sketi imepanda juu ya goti hiyo imeisha. Viatu bonyeza ncha kwa kidole gumba, ukikuta kidole cha mtoto kipo pale pale mbele ujue ikifika Pasaka atakua anakanyaga visigino vya kiatu kama kandambili. Zipu ya begi imekufa, mpelekee fundi viatu wa mtaani sasa hivi, Desemba unaacha asubuhi unachukua jioni, Januari unaacha Jumatatu unachukua siku atakayopenda yeye.

Kila kinachokosekana kiandike sehemu moja, kwenye simu. Mi nilikua na orodha tatu, moja kwenye pochi, moja imebandikwa kwenye friji, ingine kichwani, na ile ya kichwani ndo ilikua ndefu kuliko zote.

Kuhusu vitabu, watu wengi wanapoteza siku hapa. Usinunue kwa kuangalia alivyotumia kaka yake. Mtaala mpya ulianza kuingia kwa awamu kuanzia Januari 2024 na madarasa hayakubadilika yote siku moja, kwahiyo kitabu cha mkubwa kinaweza kisimfae mdogo kabisa hata kama darasa ni lile lile. Muulize mwalimu wa darasa kabla hawajafunga, swali la dakika mbili, kuliko kurudi dukani Januari kubadilisha kitabu na muuzaji anakuangalia kama hajawahi kukuona duniani.

Na tusidanganyane eti wa serikali hawana presha. Ada imefutwa tangu 2016 kwa msingi mpaka kidato cha nne, na tano na sita ikafuata 2022, sawa, lakini sare, madaftari, viatu, begi na nauli bado ni wewe mzazi, na hivyo ndivyo vinavyokutembeza juani.

Fundi

Hapa ntakaa kidogo maana hapa ndo wengi tunaumia.

Fundi cherehani ana misimu miwili inayogongana, nguo za Krismasi na mwaka mpya, afu sare. Ukimpelekea kitambaa tarehe 20 Desemba umejiweka katikati ya malori mawili. Mi nilipeleka tarehe 27, nikajiona mjanja maana Krismasi imeisha. Akaniambia njoo Jumatano. Jumatano, "Mama, bado vifungo tu." Ijumaa, "Mama, umeme ulikatika siku nzima, kesho asubuhi na mapema unakuta tayari." Jumamosi kibanda kimefungwa, muuza mkaa wa pembeni ananiambia fundi kaenda msibani Kibaha. Jumapili jioni nikakaa kwenye kale kabenchi kake nikamwambia leo siondoki hapa, na ndipo nikaona kwa macho yangu mwenyewe, kitambaa changu kimekunjwa vile vile nilivyokikunja, kipo ndani ya mfuko ule ule nilioenda nao, hakijaguswa na mkasi. Vifungo gani vilivyokua vimebaki sijui. Sketi nimekabidhiwa saa tatu usiku bado ya moto kutoka kwenye pasi.

Sasa hivi nafanya hivi. Napeleka mwezi wa 11 katikati, kabla ya watu wa Krismasi, fundi akiwa bado anapiga stori. Nakaa mpaka AKATE nikiwa pale pale, hii ndo siri, kitambaa kilichokatwa kinamkera mezani, anataka kitoke, lakini kisichokatwa kinaweza kulala hata mwezi bila kumsumbua. Naacha nusu ya hela, nusu nikichukua. Namwambia aache upindo wa inchi mbili chini, mtoto akirefuka mwezi wa 7 tunashusha tu hatununui ingine. Na usimdanganye tarehe ya kufungua shule ukidhani utamharakisha, na yeye ana watoto anaijua.

Umechelewa tayari, ni Januari? Achana na kushonesha. Nunua ya dukani iliyoshonwa, hata kama ni kubwa, mpelekee fundi kupunguza tu, hiyo ni kazi ya nusu saa na atakufanyia ukiwa umesimama. Inazidi bei kidogo lakini ukipiga hesabu ya nauli za kwenda kwa fundi mara nne na muda wako, imekwenda sare.

Kariakoo bila mtoto na bila Jumamosi

Kwenda Kariakoo na watoto watatu Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa ni adhabu ya kujitakia. Mmoja ana kiu, mmoja anataka kojo, mmoja umemshika mkono kwa nguvu mpaka umevimba maana Mtaa wa Kongo siku hiyo hutembei, unasukumwa. Yote hayo kwa sababu ya kupima viatu.

Fanya hivi. Chukua boksi lolote, msimamishe mtoto juu yake (asimame, asikae, mguu ukibeba mwili unatanuka), chora unyayo, kata kwa mkasi ukiongeza upana wa kidole kimoja mbele ya dole gumba. Andika jina. Dukani unatumbukiza kile kiboksi ndani ya kiatu, kikikaa bila kukunjika umemaliza. Urefu wa sketi na kiuno pima kwa kamba ya katani, kila kipimo funga fundo. Nilivyoenda mara ya kwanza na viboksi vyangu muuzaji alinicheka, mwaka jana akaniuliza mwaka huu umekuja na miguu mingapi.

Siku nzuri ni Jumanne au Jumatano, Desemba mwanzoni, ufike saa mbili na nusu wakati wanafungua. Napanda mwendokasi nashuka Msimbazi, vitu vizito naacha mwisho, yaani viatu na soksi kwanza, halafu madaftari ndo ya mwisho kwa sababu yakishakua mkononi huna tena nguvu ya kubembeleza bei. Kazi haikuruhusu? Omba nusu siku moja mwezi wa 12 wakati maofisi yamepoa, ukisubiri kuomba Januari unakuta wenzako saba wameshaomba na bosi amenuna.

Afu kuna hii ya kugawana. Mtaani kwetu tuko akina mama watatu, tunachanganya orodha, mwaka jana Mama Zai akaenda madaftari, mama wa pale kwenye fensi ya bluu akaenda viatu, mi nikaenda vitambaa na sweta. Daftari ukinunua kwa dazeni bei inashuka na hamna mtu anayehitaji dazeni nzima peke yake, mnagawana. Kila mmoja kaenda mjini mara moja badala ya mara tatu. Masharti yawe wazi tu, hela inatumwa KABLA, sio "ntakurudishia jioni", urafiki umekufa kwa mambo madogo kuliko hayo. (Sweta Dar mwezi wa kwanza, na lile joto, sijawahi kuelewa na siku nikikutana na aliyeanzisha ntamuuliza.)

Wa bweni

Kwa anayeingia kidato cha kwanza majina hutoka Desemba na fomu ya maelekezo ya kujiunga unaipakua kwenye tovuti ya TAMISEMI, wale wa tawala za mikoa na serikali za mitaa. Usiisome kwenye kioo cha simu ukajiona umeelewa, nenda steshenari ichapishwe, kaa na kalamu. Ndani yake kuna kitu kimoja kinachomeza siku nzima peke yake, fomu ya vipimo vya afya inayotaka sahihi na mhuri wa daktari. Hiyo usiiache wiki ya mwisho, wiki ya mwisho hospitali imejaa wazazi wenye karatasi kama yako.

Tranka, shuka, chandarua nunua huku taratibu. Godoro, ndoo, fyekeo na ufagio uliza kwanza kama mji wa shule vinapatikana, mara nyingi vipo hapo hapo sokoni kwao na unaokoa ule ugomvi wa kupakia godoro kwenye buti la basi na konda anataka hela ya mzigo. Usafiri nao ukate mapema maana Januari mwanzoni waliokwenda Moshi kula Krismasi wote wanarudi, wanafunzi wote wanatoka, barabarani hapatoshi. Shule ikiwa Morogoro au Dodoma, treni ya SGR inafika huko tangu 2024 na tiketi unakata mtandaoni ukiwa kitandani. Na uangalie kalenda, tarehe 12 Januari ni Mapinduzi, sikukuu, benki na ofisi zimefungwa, nimeshawahi kupanga kumaliza mambo yote siku hiyo nikakuta mji umelala.

Ada usipange foleni kama shule inatoa namba ya malipo. Lipa usiku saa nne watoto wamelala, siku kadhaa kabla, maana siku ya mwisho mtandao nao unagoma na hujui hela imekatwa au haijakatwa. Piga picha ya ule ujumbe wa malipo, weka kwenye albamu moja ya simu ipe jina ADA, hapo hutakuja kupekua meseji za tangu mwezi wa tatu huku mhasibu anakusubiri. Na kama hela haijatimia, bora uende mwenyewe kuongea na shule kabla ya kufungua mkubaliane awamu, kuliko mtoto arudishwe nyumbani saa tatu asubuhi na wewe uko kazini, hapo umepoteza siku yako na yake.

Dada hatorudi tarehe aliyosema

Simaanishi vibaya. Dada wa kazi akienda kwao Krismasi, kichwani kwako weka kwamba tarehe 3 hatakuwepo. Basi limejaa, mama yake anaumwa, au kaolewa, yote yanawezekana na ni haki yake kukaa na ndugu zake. Cha kufanya ni kuwa na mtu wa pili tayari kabla hajaondoka, bibi yao, mdogo wako aliyemaliza kidato cha nne anasubiri matokeo, jirani wa kumpokea mtoto gari ikimshusha. Na mpe nauli ya kurudi akiwa ameshapanda basi kule, sio anaondoka nayo, hii nimejifunza kwa gharama.

Likizo za kazini pia. Kama una siku mbili tatu za likizo zimebaki usizimalize zote kwenye sikukuu, weka moja kwa ajili ya Jumatatu ya kufungua shule. Siku hiyo lazima kitu kitatokea.

Wiki ya mwisho, turudishe usingizi

Likizo nzima watoto wanalala saa tano usiku kwa ajili ya katuni, afu Jumapili moja unataka walale saa mbili. Haiwezekani, watakaa gizani wanachekana. Anza siku kumi na mbili kabla, kila baada ya siku mbili unarudisha nyuma nusu saa, na cha muhimu zaidi ni kuwaamsha mapema, mtoto aliyeamshwa saa kumi na mbili asubuhi usiku atalala mwenyewe hata usipombembeleza. TV zima wewe mwenyewe pia, huwezi kumwambia mtoto akalale halafu tamthilia inaunguruma sebuleni.

Wiki hiyo hiyo ndo ya kukava madaftari. Fanya jioni mbili, watoto wakiwa wamekaa chini na wewe, kaki au kalenda za zamani (upande mweupe utokee nje, la sivyo darasa zima litasoma tangazo la benki), nailoni juu. Majina andika kwa maka peni kwenye kila kitu, ndani ya kiatu, kwenye mfuniko wa chupa ya maji, kwenye lebo ya sweta, na kwenye sweta mi nashona kabisa herufi mbili kwa uzi wa rangi ya tofauti kwa ndani, maana maka inafutika kwa kufuliwa na sweta zote za shule moja ni mapacha. Sweta moja iliyopotea ni Jumamosi nyingine mjini.

Wasichana wa shule za kunyoa au kusuka ule mtindo wa twende kilioni, usisubiri Jumapili jioni, saluni zote zimejaa. Alhamisi.

Jumapili: luku, maji, gesi

Baada ya yale ya mwaka juzi nimekua na sheria, Jumapili saa kumi jioni naangalia vitu vitatu kabla ya kitu kingine chochote. Luku, iwe na yuniti za kufika angalau Jumatano. Maji, madumu na ndoo zijae hata kama bomba linatoka, maana bomba la kwetu lina tabia ya kukata Jumatatu alfajiri kama limetumwa. Gesi, tingisha mtungi, kama una wasiwasi nao mkaa uwepo stoo.

Halafu nguo. Nanyoosha za siku tano kwa mkupuo mmoja, redio inaimba, ni saa moja na kitu hivi kwa watoto watatu. Kila siku ina henga yake, shati, sketi au suruali, na soksi nimezifunga kwa kipini cha nguo hapo hapo kwenye henga, sio kwenye droo. Soksi zikishaingia kwenye droo zimeenda. Mwaka huu nimenunua soksi zote za aina moja saizi mbili tu, hamna tena kutafuta pacha wa soksi, yoyote inaoana na yoyote. Dakika kumi kila asubuhi zimerudi kwangu kwa akili ya soksi.

Viatu ni kazi ya baba yao. Sio kwamba "ananisaidia" viatu, ni VYAKE, tangu kiwi kuisha mpaka kamba kukatika, mi sijui kitu. Hili naomba wenzangu mlielewe, mtu ukimwambia nisaidie saidie atasubiri umtume kila siku, na kutuma nako ni kazi. Mpe kazi nzima. Akisahau siku moja watoto wakaenda na vumbi hamna atakayekufa. Na wa darasa la tatu kwenda juu apige kiwi mwenyewe baba akiangalia.

Asubuhi yenyewe

Gari yetu inapita saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, bado giza. Mi naamka kumi na robo. Watu wanasema ni mapema mno, lakini ile nusu saa ya peke yangu, chai ya rangi mkononi, hamna anayeniita, ndo inanifanya nisipige mtu kelele baadae. Uji wa lishe nimeshaukoroga usiku uko kwenye sufuria naweka tu motoni. Viazi vitamu au mihogo imemenywa jana iko kwenye maji. Vitumbua nanunua kwa mama wa kona, nimempa oda ya wiki nzima na hela yake Jumapili, bodaboda wa pale kijiweni ananiletea getini. Mtu akikuambia mzazi mzuri anapika kila kitu mwenyewe saa kumi usiku muulize yeye analala saa ngapi.

Bafu ni moja na watu watano. Anaanza anayeamka vizuri, sio mkubwa wala mdogo, kwangu ni wa kati. Kitinda mimba naogesha usiku vizuri, asubuhi ni uso, mikono na miguu na mafuta, basi. Anavaa wa mwisho, baada ya uji, kwa sababu uji na shati jeupe nimeshaona mwisho wake.

Hamna simu kwa mtu yeyote mpaka gari iondoke. Mimi ndo mkosaji mkubwa hapa, nafungua wasap kuangalia kama kuna tangazo la shule, nikiinua kichwa robo saa imeenda na sijaona tangazo, nimeona video ya mtu anacheza harusini.

Wa daladala kwa upande wenu ni tofauti. Mtoto anayelipa nauli ya mwanafunzi makonda wanamkwepa, wanajaza watu wazima kwanza, kwahiyo hesabu muda wa kuachwa na gari mbili kabla ya kupata ya tatu. Atoke mapema dakika ishirini zaidi ya unavyodhani, na ikiwezekana watoke wawili watatu wa mtaa mmoja, na siku mbili kabla ya kufungua pandeni naye hiyo njia saa hiyo hiyo mwone. Kuwahi shuleni kunaanzia kituoni. Na hizi shule zenye mkondo wa mchana msijisahau mkadhani mna muda, asubuhi ndefu inadanganya, saa tano inafika mtoto hajaoga.

Jioni, uliza saa kumi na mbili

Kila mzazi anaijua hii. Saa tatu na nusu usiku, taa zimezimwa, maduka yamefungwa, sauti inatoka chumbani, "Mama... mwalimu kasema kesho twende na ufagio wa chelewa. Na rimu. Asiye nayo haingii darasani." Kasema lini? "Ijumaa."

Usigombe, badilisha saa ya kuuliza. Kwangu mtoto hapewi chakula cha jioni kabla ya kusimama mlangoni na begi lake, saa kumi na mbili hivi, duka la Mangi bado liko wazi. Tunalifungua wote wawili. Sio kumuuliza "mmeambiwa nini leo", jibu lake ni "hamna", ni kumwaga vitu na kuona. Daftari la kazi za nyumbani mezani, bakuli la chakula jikoni, karatasi yoyote iliyokunjwa inakunjuliwa. Kazi ya shule inafanywa hapo hapo kabla ya kula, dakika ishirini mpaka arobaini, baada ya kula hamna kazi ni usingizi. Kikishakaguliwa begi linapangwa la kesho na linalala mlangoni, viatu juu yake, chupa ya maji pembeni. Grupu la wazazi nalipitia mara moja tu kwa siku, saa mbili usiku, nalo nimelizima sauti, maana katika meseji tisini kuna moja ya maana na themanini na tisa ni "asante mwalimu".

Wiki ya kwanza itaharibika kidogo, hiyo sio mbaya, usibadilishe ratiba yote kwa sababu Jumanne ilikwenda vibaya. Ijumaa jioni kaa na watoto uwaulize kipi kilitukwamisha, rekebisha kimoja tu, wiki ijayo kingine. Wa kwangu mkubwa ndo aliyesema ufunguo wa geti uning'inizwe kwenye msumari, miaka yote tulikua tunautafuta ndani ya pochi yangu, mtu mzima na akili zangu.

Ile ya begi mlangoni nilianza baada ya Jumamosi moja nilivyoamua kufua begi la wa kati. Chini kabisa, chini ya maganda ya karanga na kifuniko cha kalamu, nikatoa karatasi imekunjwa nne na imelowa juisi, barua ya kuitwa kikao cha wazazi cha lazima, na chini yake pameandikwa mzazi asiyefika aje na maelezo ofisini Jumatatu saa moja asubuhi. Kikao kilikua jana yake.